MTUNGI MMOJA WA OKSIJENI: AMANA YA KUENDESHA HOSPITALI NDOGO WAKATI WA JANGA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Mwezi wa Juni 2021 nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Tarehe 7 ya mwezi huo shule na vyuo vyote vya Uganda vilifungwa kwa sababu ya wimbi la pili la Korona, nami nikafunga daftari langu la Usul al-Fiqh na kurudi kijijini kwetu, mashariki mwa nchi. Baba yangu mdogo ndiye daktari mfawidhi wa hospitali ndogo iliyoko pale. Ina vitanda 36, daktari mmoja ambaye ni yeye mwenyewe, matabibu wawili, wauguzi na wakunga tisa, na jenereta moja kuukuu. Siku ya pili baada ya kufika kwangu aliniambia, "Mwanangu, mwandiko wako ni mzuri. Njoo ushike daftari." Nikalishika kwa wiki saba.

Makala hii ni somo nililolipata katika wiki hizo. Nimeligawa katika sehemu tano ili liweze kusomwa katika halaka zetu. Jambo ninalotaka tuondoke nalo ni moja: anayeendesha hospitali ndogo wakati wa janga amekabidhiwa kugawa kidogo kilichopo, na ugawaji huo ni amana. Amana hiyo haitekelezwi kwa huruma peke yake. Inataka hesabu, inataka kanuni iliyoandikwa kabla ya shida kufika, na inataka mtu atakayeisimamia kanuni hiyo hata inapomuuma yeye mwenyewe.

1. LANGO: KUTENGANISHA SI KUMKIMBIA MGONJWA

Hospitali yetu ilikuwa na lango moja. Mama mjamzito, mtoto mwenye malaria na mzee anayekohoa wote walipita hapo na kukaa kwenye benchi moja. Kazi ya kwanza ya Baba Mdogo ilikuwa kufungua lango la pili kwa nyuma, palipokuwa na ua wa miti tu. Mwenye homa, kikohozi au kukosa pumzi alielekezwa huko, akapokelewa chini ya turubai lililofungwa kwenye mwembe. Wengine walipita mbele kama kawaida. Pande zote mbili kulikuwa na ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na muuguzi mwenye barakoa.

Jambo hili halikugharimu pesa nyingi, lakini lilizua maneno. Watu walisema lango la nyuma ni lango la kufia. Imamu wetu alilazimika kueleza msikitini kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe kunywa pamoja na ngamia wazima, na kwamba aliwaamuru watu wasiingie katika nchi yenye tauni wala wasitoke humo kwa kuikimbia. Ikiwa ngamia wametengwa ili wasidhuriane, vipi kuhusu mwanadamu?

Wanachuoni wetu wa zamani pia waliuona mwisho wa kupuuza jambo hili. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake, aliandika kitabu kizima kuhusu tauni. Humo anasimulia jinsi watu wa Cairo, mwaka 833 Hijria, walivyotoka kwa wingi kwenda jangwani kuomba dua pamoja. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arubaini. Haikuchukua muda idadi ikapita elfu moja kwa siku. Dua yao haikuwa na kosa. Neno liko katika namna walivyokusanyika.

2. HESABU NI SEHEMU YA TAWAKKUL

Sote tunaijua habari ya yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Katika hospitali ya kijijini kamba ya kumfungia ngamia ni hesabu, na mimi niliijifunza juu ya mtungi wa oksijeni.

Mtungi mkubwa, ule mrefu unaomfikia mtu mzima kifuani, hubeba takribani lita 6,800 za oksijeni. Mgonjwa anayepewa lita 10 kwa dakika huumaliza kwa dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Anayepewa lita 5 huumaliza kwa muda mara mbili ya huo. Sisi tulikuwa na mitungi mitatu, na gari la kwenda mjini kuijaza lilikuwa moja. Juni ile oksijeni ilikuwa adimu nchini kote, kwa hiyo dereva aliweza kwenda na kulala kwenye foleni. Ukiijua hesabu hiyo, unajua saa ngapi dereva lazima awe njiani. Usipoijua, unasubiri mtungi uishe ndipo uanze kupiga simu, na mgonjwa hawezi kusubiri simu.

Mbali na mitungi tulikuwa na mashine mbili zinazochuja oksijeni kutoka hewani. Kila moja ilitoa lita 5 kwa dakika. Hizo hazihitaji kujazwa, ila zinahitaji umeme, na umeme wa kijijini mnaujua.

Kidogo kilichopo hurefushwa kwa maarifa. Wauguzi walifundishwa kutompa mgonjwa oksijeni kupita haja yake: kifaa cha kidoleni kikionyesha zaidi ya 90 na mgonjwa ametulia, hakuna sababu ya kufungua mtungi mpaka kisome 99, kwa kuwa ziada hiyo ni pumzi ya mtu mwingine. Wagonjwa waliojiweza walilazwa kifudifudi kwa zamu, maana mapafu ya wengi hufanya kazi vizuri zaidi hivyo. Tena kulikuwa na dawa ya deksamethasoni, ya zamani na ya bei nafuu. Juni 2020 utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wa Korona wanaohitaji oksijeni, dawa hiyo hupunguza vifo kwa takribani moja ya tano, na kwa walio kwenye mashine za kupumulia kwa takribani moja ya tatu. Kipimo ni miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Utafiti huohuo haukuona faida kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni, kwa hiyo kumpa kila anayekohoa ni kuitumia dawa pasipo mahali pake.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari za tauni ya Amwas akiwa mahali paitwapo Sargh. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, ndipo akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye upande wenye malisho na upande mkavu. Popote atakapowalisha, yupo ndani ya kadari. Niliisoma habari hii darasani na nikaijibu katika mtihani. Niliielewa siku nilipomwona Baba Mdogo akigawanya 6,800 kwa 10 nyuma ya boksi la dawa, kisha akainuka kwenda kuswali.

3. KANUNI KABLA YA USIKU

Wiki ya pili ya Juni, kabla wodi haijajaa, Baba Mdogo aliita kikao chini ya mwembe. Walikuja imamu, padri wa parokia jirani, mwenyekiti wa LC, muuguzi mkuu na mkunga mkuu. Wakakubaliana maneno manne, nami nikayaandika kwa kalamu nene na kuyabandika ukutani:

Kwanza, oksijeni hupewa anayeihitaji zaidi na anayetarajiwa kufaidika nayo. Pili, mgonjwa anayefaidika na oksijeni haondolewi ili apewe mwingine. Tatu, jina, dini, cheo na mchango wa mtu havitazamwi. Nne, uamuzi ni wa watu wawili, daktari au tabibu pamoja na muuguzi wa zamu, si wa mtu mmoja.

Siku kumi baadaye, usiku wa Jumamosi, akaletwa mwalimu wangu wa madrasa.

Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Ndiye aliyenishika mkono nikaandika alifu kwa mara ya kwanza. Kifaa kilisoma 79. Mitungi miwili ilikuwa mjini kujazwa. Wa tatu ulikuwa kwa mama wa miaka 26 kutoka kijiji jirani, Mkristo, aliyekuwa amejifungua siku nane zilizopita. Mashine moja ya umeme ilikuwa kwa dereva wa bodaboda, na ya pili akapewa Mwalimu. Akapanda hadi 85 na kukwama hapo.

Wazee wa msikiti walinijia langoni. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtungi ule tuliuchangia sisi, sadaka ya Ijumaa. Mwalimu wako anakufa na mtungi wetu uko kwa mgeni." Sikumjibu.

Kazi yangu usiku ule ilikuwa kuandika vipimo ambavyo muuguzi alinisomea kila saa. Saa sita alinisomea cha yule mama: 89. Nikaandika 95. Kwa 95 angeonekana anaweza kuhamia kwenye mashine ndogo, na mtungi ungekwenda kwa Mwalimu. Sikupanga kwa muda mrefu. Mkono uliandika, nami nikauachia.

Baba Mdogo alipopita alilitazama daftari, akamtazama mama, akachukua kifaa na kumpima upya mwenyewe. 89. Akanivuta kando. Hakupaza sauti. "Umeandika ulichosomewa," aliniuliza, "au umeandika unachotaka?" Nikamwambia ukweli. Akafuta, akaandika 89, akatia saini yake pembeni, akanirudishia daftari. Nilidhani ataninyang'anya. Kunirudishia ndiko kulikoniumiza zaidi.

Saa nane usiku umeme ukakatika. Jenereta liliwaka baada ya dakika kadhaa, na katika dakika hizo wauguzi walikimbia na mashine hazikuwa na kazi. Gari lilifika saa mbili asubuhi na mitungi miwili. Mwalimu alipewa mmoja papo hapo. Akaishi siku mbili, na Jumanne kabla ya adhuhuri akafariki. Mama yule aliruhusiwa baada ya siku kumi na moja, mtoto mgongoni.

Mwalimu alizikwa na watu wachache. Hakuoshwa, kwa ajili ya usalama wa waoshaji. Alifanyiwa tayammum juu ya mfuko, kwa rai ya wanachuoni walioiruhusu panapokuwa na dharura. Baba Mdogo alisimama safu ya mwisho. Baadhi ya watu wa msikitini hawakumjibu salamu kwa zaidi ya mwezi.

Ndugu yangu msomaji, mimi ni mwanafunzi wa sharia, nami nimeirudia mas'ala hii mara nyingi. Kuna kanuni ya fiqhi tunayoihifadhi mwaka wa kwanza: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kumwondolea pumzi mama aliyekuwa akifaidika, ili apewe mzee ambaye huenda angefaidika na huenda asingefaidika, ni kuondoa madhara kwa madhara. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamriwa kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mungu, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nilikuwa nikidhani aya hiyo inahusu mahakama. Kumbe namba kwenye daftari la wodi nayo ni ushahidi.

Ama kuhusu mchango, sadaka ikishatolewa imetoka mkononi. Waliochangia mtungi ule wana ujira wa kila pumzi ya yule mama, inshaallah. Hawakuwa wamenunua kitanda.

4. WAGONJWA WASIO NA SAUTI

Wakati wa janga kila mtu huzungumzia ugonjwa mmoja. Mbu hana habari na karantini, wala uchungu wa uzazi hausubiri amri ya kutotoka iishe.

Mnakumbuka mwishoni mwa Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini tarehe 21. Magari ya abiria yalisimamishwa, kisha magari ya watu binafsi, na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari alipaswa kupata ruhusa ya RDC. Kwa mwenye simu na jamaa mjini hilo lilikuwa usumbufu. Kwa mama mwenye uchungu saa tisa usiku, kilomita 14 kutoka hospitali, lilikuwa hatari. Baadaye wajawazito waliruhusiwa kusafiri bila kibali hicho.

Mwaka 2021 mkunga mkuu wetu alikuwa amejifunza. Alidai mambo matatu na akayapata: chumba cha kujifungulia kiwe na lango lake na wakunga wake wasiohamishwa kwenda wodi ya Korona, orodha ya wajawazito wa kila kijiji iwe mikononi mwa wahudumu wa afya wa jamii, pamoja na tarehe wanazotarajiwa, na waendesha bodaboda wawili kwa kila kijiji wapewe barua ya hospitali yenye muhuri wa LC. Chanjo za watoto nazo ziliendelea kila Jumatano, chini ya mti, kina mama wakikaa mbalimbali.

Hapa pana fiqhi ya vipaumbele. Suratul-Maida, aya ya 32, inatufundisha uzito wa kuihuisha nafsi moja, na aya hiyo haikutaja ugonjwa wa nafsi hiyo. Hospitali inayomwokoa mgonjwa wa Korona huku ikimpoteza mtoto wa malaria mlangoni haijapata faida.

5. ANAYEHUDUMIA NAYE NI AMANA

Nchi yetu ina mfano ambao kila mwanafunzi anafaa kuujua. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu. Dk. Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Lacor, alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi, akapitia majalada ya wagonjwa, akashuku Ebola na kuanza kuwatenga wagonjwa kabla majibu ya maabara hayajarudi. Wahudumu zaidi ya kumi wa hospitali ile walifariki katika mlipuko huo, naye mwenyewe akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Hakuwa wa dini yetu, na uadilifu unatutaka tumtaje kwa wema alioufanya.

Watu husimulia ushujaa wake. Baba Mdogo alikuwa akisimulia tahadhari yake, kwamba alitenga wagonjwa mapema na kusimamia mavazi ya kinga. Kwetu kila anayevaa au kuvua mavazi hayo alitazamwa na mwenzake, maana wakati wa kuvua ndio wenye hatari kubwa. Zamu ya wodi ya Korona haikuzidi saa sita. Wenye umri mkubwa na wenye kisukari walipewa kazi za upande wa mbele. Aliyeogopa aliruhusiwa kusema anaogopa, na hakuna aliyemcheka. Tena chanjo, iliyokuwa imeanza nchini Machi 2021, ilianza kwa wahudumu wenyewe, na Baba Mdogo akachanjwa wa kwanza hadharani, kina mama wa sokoni wakimtazama.

Muuguzi akiugua, hospitali yenye wauguzi na wakunga tisa imepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya mikono yake. Kumlinda ni kuwalinda wagonjwa atakaowahudumia kesho.

HITIMISHO

Sasa niko mwaka wa tatu. Inshaallah wengi wetu tutakuwa maimamu, walimu na makadhi, na wenzetu wa vitivo vingine watakuwa madaktari na wauguzi. Janga jingine litakuja, Mungu ndiye ajuaye lini. Siku hiyo watu hawatatuuliza tumehifadhi kanuni ngapi. Watakuja na mwalimu wetu akiwa hana pumzi, na mtungi mmoja, na daftari mkononi mwetu.

Kwa halaka ya wiki hii, tujadiliane haya:

Kwanza, je, kanuni ya pili ya ukutani ingekuwa na hukumu gani endapo mgonjwa aliye kwenye mtungi hafaidiki tena nao?

Pili, msikiti unapochangia kifaa cha hospitali, je, unaweza kuweka sharti la nani akitumie? Tazameni mlango wa waqfu.

Tatu, kila mmoja ajiulize kimya kimya: ni namba gani, jina gani au alama gani niliyowahi kuandika kama nilivyotaka, si kama nilivyosomewa?

Swali hili la tatu mimi nimeshalijibu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, amrehemu Mwalimu wangu, na amkuze yule mtoto katika afya njema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.